Toba na Watumwa wa Mfalme Sedekia



Kila Kwaresima wengi wetu hupiga magoti Jumatano ya Majivu, tukapakwa majivu katika paji la uso, kisha tukangoja zamu ya kuungama. Ni desturi njema, wala hatuandiki kuidharau. Lakini liko swali ambalo manabii wa Kiebrania walilishikilia sana, nasi watu wa pwani hii haitupasi kulikwepa: Je, mtu aweza kutakaswa na Mungu, huku yule aliyemdhulumu angali amefungwa?

Juu ya kuoshwa dhambi manabii hawasemi kwa namna moja. Isaya, mlango wa 1, anawaambia watu wajioshe wenyewe, na papo hapo anaeleza kuosha huko ni nini: kumpatia yatima haki yake na kumtetea mjane. Yeremia, mlango wa 2, anasema hata magadi na sabuni nyingi havitaondoa doa. (Anayepikia kunde magadi anajua yalivyo makali.) Ezekieli, mlango wa 36, anasema Mungu mwenyewe atawanyunyizia watu wake maji safi na kuwapa moyo mpya, na Kanisa limeona humo maji ya ubatizo. Basi wako wasemao: Mungu ndiye aoshaye, kazi yangu ni kukiri tu. Katika nusu ya kwanza hawajakosea. Kwa ile nusu ya pili, na tusome Yeremia mlango wa 34.

Yerusalemu ulikuwa umezingirwa na jeshi la Babeli, yapata mwaka 588 kabla ya Kristo. Torati iliagiza kwamba Mwebrania aliyeuzwa kwa nduguye atumike miaka sita, na mwaka wa saba aachwe huru. Wakubwa wa mji hawakuijali sheria hiyo, wala baba zao. Sasa hofu ikawakumbusha. Mfalme Sedekia akafanya agano na watu, ndani ya nyumba ya Mungu. Wakamkata ndama vipande viwili wakapita katikati yake, maana yake, nisipolishika agano hili nami nifanywe vivyo hivyo. Wakawaacha huru watumwa wao, wanaume kwa wanawake. Toba hiyo ilikuwa na ibada, ilikuwa na kiapo, tena ilikuwa na tendo. Yeremia mwenyewe anakubali kwamba siku ile walitenda yaliyo sawa mbele za Mungu.

Kisha jeshi la Farao likatoka Misri, Wababeli wakaondoka kwenda kulikabili, mji ukapumua. Bila shaka wenye nyumba walitazamana: nani atateka maji, nani atasaga unga? Wakawakamata tena wale wale.

Wanachuo walizoea kutuuliza neno "toba" limetoka wapi. Limetujia kwa njia ya Kiarabu, nalo ni jamaa ya neno la Kiebrania shub, yaani kurudi, kama arudivyo mtu aliyepotea njia. Ndilo neno ambalo manabii hulitumia kwa kutubu. Na hapa Yeremia analitumia mara mbili mfululizo: mlirudi mkatenda haki, kisha mkarudi mkawatwaa watumwa wenu. Hukumu inafuata: kwa kuwa hamkuwapa ndugu zenu uhuru, Mungu anawapa ninyi uhuru, wa kuangukia upanga, tauni na njaa. Nabii hasemi kwamba hawakulia machozi, wala kwamba ibada ile ilikuwa ya uongo. Anauliza tu yule mtumwa yuko wapi leo.

Swali hilo tulilete Bagamoyo, ulikoishia msafara uliotoka Ujiji na Tabora. Si kila aliyebeba pembe alikuwa mtumwa. Wanyamwezi wengi walikuwa wapagazi wa ujira, na yafaa watoto wetu wafundishwe hivyo. Lakini wako waliofika hapa wamefungwa, wakavushwa Unguja. Tarehe 5 Juni 1873 Seyyid Barghash, kwa kushurutishwa na Waingereza, alitia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini na kufunga masoko yao. Krismasi ya mwaka ule ule liliwekwa jiwe la msingi la kanisa letu kuu la Mkunazini, penye kiwanja cha soko. Ni jambo la kumshukuru Mungu. Lakini wafanyabiashara nao walirudi. Bahari ilipofungwa, watumwa kutoka Kilwa walitembezwa kwa miguu nchi kavu, kuifuata pwani hii hii hadi Pangani na mbele zaidi, hata Barghash akatoa amri nyingine mwaka 1876. Na kumiliki mtumwa kuliendelea kuwa halali. Unguja sheria iliacha kuutambua utumwa mwaka 1897, na hata hapo mtumwa alitakiwa aende mwenyewe kudai uhuru wake, na fidia akapewa bwana. Huku Tanganyika ilikuwa 1922, miaka 49 baada ya jiwe la Mkunazini.

Wala tusiwanyoshee kidole majirani. Shirika la kueneza Injili la Kanisa la Uingereza, SPG, lilimiliki mashamba ya miwa ya Codrington huko Barbados pamoja na watumwa wake. Utumwa ulipokomeshwa katika makoloni kwa sheria ya 1833, fidia walilipwa wenye watumwa, shirika hilo likiwamo. Watumwa hawakupata kitu. Sinodi Kuu ya Kanisa hilo iliomba radhi Februari 2006. Januari 2023 watunza mali wa Kanisa hilo walitangaza kutenga paundi milioni 100, baada ya kuona kwamba sehemu ya akiba yao ya zamani iliguswa na biashara ya watumwa. Midomo ilitangulia mfuko kwa miaka 17.

Msomaji atatujibu kwa Ezekieli mlango wa 18, kwamba mwana hachukui uovu wa baba yake. Ni kweli, hatia hairithiwi. Lakini shamba hurithiwa, na dharau hurithiwa pia: posa ikiletwa, bado wako wanaouliza kwa kunong'ona asili ya babu yake kijana. Tena mlango huo huo unamtambua mwenye haki kwa kumrudishia mdeni rehani yake.

Na yuko binti aliyetoka Dodoma au Singida, anayelala jikoni mwa nyumba ya Mkristo, na mshahara wake wa miezi minne, ati, "ametunziwa". Zakayo hakuununua wokovu. Yesu alijialika kwake kabla hajatoa hata senti. Lakini siku ile ile Zakayo alisimama akataja hesabu: nusu ya mali kwa maskini, na aliyedhulumiwa arudishiwe mara nne. Mwenye nyumba yule akija kuungama, Padre anayo haki ya kumuuliza, kabla ya kumwondolea, binti huyo atalipwa siku gani.