Mgeni Apewe Jembe

Je, kuna kitu kizuri ambacho ukimpa mtu unamuumiza? Vijana ninaofanya nao kazi hapa Kigali hunijibu haraka: haiwezekani, dada, kizuri ni kizuri tu. Mimi nimelibeba swali hili tangu nilipojitolea miezi mitano katika nyumba moja ya watoto hapa mjini, na jibu langu siku hizi si kama lao.

Aliyekulia kambini akija Kigali ana mengi ya kuzoea kwanza. Kule Kiziba unakwenda kwa miguu, na kila mtu anajua wewe ni mtoto wa nani. Hapa unapanda moto, unavaa kofia iliyovaliwa na watu wengine ishirini asubuhi hiyo, na dereva hajui wala hataki kujua ulikotoka. Jumamosi ya mwisho wa mwezi unatoka kununua mkate, kumbe maduka yamefungwa, watu wako kwenye umuganda. Kinyarwanda changu cha kambini kiliwachekesha wauzaji wa Kimironko. Nilipochoka kuchekwa nilikwenda Nyamirambo, ambako Kiswahili kinaongewa mpaka usiku. Basi, mtu anazoea.

Nyumba yenyewe ilikuwa na watoto kumi na wanane na mama walezi watatu. Wageni walikuja kwa zamu, wiki mbili, mwezi, wengine kutoka Ulaya na Marekani, wengine vijana wa hapahapa wanaosubiri chuo. Walikuwa na mioyo mizuri, nasema hivyo bila kejeli. Mgeni anashuka garini, watoto wanamrukia. Mtoto wa miaka minne anamkumbatia mtu ambaye hajawahi kumwona, anakaa mapajani mwake, anamwita mama. Mgeni anatokwa na machozi.

Mama mlezi mmoja aliniuliza huku akichambua maharage, "Mdogo wangu, mtoto wa kwenu angemrukia mtu asiyemjua?"

Nikamfikiria mtoto wa dada yangu. Mgeni akiingia nyumbani, yeye anakimbilia nyuma ya kitenge cha mama yake na kuchungulia. Ana woga kwa sababu ana pa kujificha. Yule anayemrukia kila mtu bado anatafuta kitenge.

Katika miezi ile mitano nilihesabu maagano kumi na moja. Kila mara kulikuwa na keki, picha na nyimbo. Mara za kwanza watoto walilia usiku. Baadaye hawakulia tena, na mgeni mmoja akafurahi, eti wamezoea. Kuzoea huko ndiko kunakonitisha.

Mtu atasema: afadhali wiki mbili za upendo kuliko kukosa kabisa. Hoja hiyo ina nguvu, hasa kwetu sisi tunaojua kukosa. Na kwa chakula ni kweli kabisa: sahani ya leo hailetewi ubaya na njaa ya kesho. Lakini kumbeba mtoto kila siku, kumlaza, kumwimbia, hiyo ni ahadi hata kama hujasema neno. Mgeni anajua ahadi yake inaisha lini, tarehe iko kwenye tiketi ya ndege. Mtoto hajui. Mmoja anatoa akijua mwisho, mwingine anapokea kana kwamba hakuna mwisho. Sioni namna ya kuuita huo mpango wa haki, hata moyo wa mgeni uwe mzuri kiasi gani.

Sisemi kwamba nyumba za watoto ni uovu. Mwaka 1994, pale pale Nyamirambo, Damas Gisimba Mutezintare alificha watu kama 400, wakubwa kwa wadogo, katika kituo cha yatima cha familia yake. Siku zile lango lililofungwa lilikuwa uhai. Lakini miaka ilipopita, kituo hicho hicho kilirudisha watoto katika familia, kikawa mahali ambapo watoto wa mtaa huja baada ya shule. Sikuoni huko kujikana. Kilichookoa watu wakati wa hatari hakikulazimika kuwa makao ya utoto mzima.

Nchi nzima ilielekea huko. Uchunguzi uliofanyika hapa mwaka 2012 ulikuta watoto 3,323 katika vituo 33, na wengi wao walikuwa na jamaa wanaojulikana. Ukaja mpango wa Tubarerere Mu Muryango, yaani tuwalee katika familia, na wazazi wa kujitolea wanaoitwa Malayika Murinzi. Ukifikiri vizuri, mtoto mwenye shangazi analala kituoni mara nyingi kwa sababu shangazi hana sare ya shule wala nafasi ya godoro. Nauli ya mgeni mmoja ingenunua magodoro mengi, ila godoro kwa shangazi halipigwi picha. Na kambini tunawajua akina mama waliopokea mtoto wa jirani aliyebaki peke yake, wakaongeza maji kwenye sufuria, yakaisha hapo. Nao ni watu wa kujitolea, ila hawana fulana.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi tumempa mgeni mtoto. Jembe lipo: mashuka ya watoto kumi na wanane yanafuliwa kwa mikono, maji yanachotwa, mama mlezi hajalala vizuri tangu Jumatatu. Mimi niliomba jikoni na ufuaji, ili yule mama apate mikono mitupu ya kumbeba mtoto anayemjua. Hata hivyo jembe halimalizi kila kitu. Siku moja mtoto alianguka uani, mama walezi wawili wako hospitali, wa tatu anaogesha. Nilimwokota. Huwezi kumwambia mtoto anayetoka damu gotini kwamba wewe unaondoka mwezi wa nane.

Nawaandikia pia ninyi wa mashirika, ambao mikataba yenu ni ya miezi sita na mnahamishwa bila kuulizwa. Najua si ninyi mnaopanga. Lakini mtoto wa kambini aliyefiwa anamsimulia mfanyakazi wa kwanza, halafu wa pili, halafu wa tatu, kila mmoja na fomu mpya. Mwaka jana nilikuwa nimekaa pembeni kama mkalimani wakati kijana wa miaka kumi na moja alipoulizwa aeleze habari zake. Kwanza alimuuliza yule dada atakuwepo mpaka lini. Dada akajibu kweli: mpaka Desemba.

"Sawa," akasema, "basi nitakueleza kidogo."