Sifa za Kitu Kisichokuwepo

Chuoni kwetu Mombasa tulihifadhi sifa ishirini za Mwenyezi Mungu kwa kuziimba, kabla hatujajua maana yake: Wujudi, Kidamu, Bakaa, na kuendelea. Maalimu alifuata mpangilio wa Imamu Sanusi wa Tlemcen, aliyefariki mwaka 1490. Siku moja nilimuuliza: ukiziondoa sifa zote, kinabaki nini? Akanieleza kuwa sifa kama Elimu na Uwezo si dhati yenyewe, yaani kiini cha Mungu, wala si kitu kilichotengana nayo. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Nilisema nimeelewa, na haikuwa kweli.

Sasa kazi yangu ni kuunda saketi, na michoro naichora kwa programu ya KiCad. Kwenye mchoro, rezista ambayo bado haijapewa nambari huitwa R?, na alama hiyo ya kuuliza hukaa nayo mpaka programu igawe nambari, iwe R1 au R7. Chini ya jina zipo nafasi za kujaza: thamani, nyayo (yaani mpangilio wa vipande vya shaba ambapo miguu italehemiwa), na karatasi ya maelezo ya kiwandani. Nilijaribu kuzifuta zote. Kitu bado kilikuwepo. Ndani ya faili kina nambari ndefu ya utambulisho ambayo jina likibadilika yenyewe haibadiliki. Usiku ule nilidhani nimeiona dhati.

Bodi kumi na mbili za kuwashia pampu za maji ndizo zilizonionyesha nilivyokosea. Kwenye mchoro niliandika transista ya 2N2222, nikachagua nyayo ya PN2222: ukiutazama uso wake bapa miguu ikiwa chini, kutoka kushoto ni emita, besi, kolekta. Nilizonunua zilikuwa P2N2222A. Herufi ile ile ya P mwanzoni, ila 2 imeingia kati yake na N, na miguu imegeuka: kolekta, besi, emita. Transista iliyogeuzwa hupitisha umeme kwa unyonge, kwa hiyo relei za kuwashia pampu hazikupata nguvu ya kuvuta. Programu ilikagua mchoro wangu isione kosa, na kwa kweli mchoro haukuwa na kosa. Ulikuwa umekieleza vizuri kitu ambacho hakikuwemo mkononi mwangu.

Nikiwa nazing'oa zile transista, risasi ikifuka moshi, ndipo maneno ya Maalimu yaliponiingia. Sifa ninazoandika mimi zinaweza kutengana na kitu. Naziambatisha kwa nje, na kitu chenyewe hakina habari nazo. Hata ile nambari ndefu ni maandishi tu, imebandikwa kama mengine. Sifa za Mungu hakuna aliyezibandika. Hakuna mchoro upande huu na Yeye upande ule, hata mtu aogope kwamba havitalingana. Maalimu alikuwa akinitenganishia Muumba na kila kitu nitakachowahi kukishika, nami nikadhani ananifumbia.

Kumbe basi kujaza nafasi ile ya thamani ni kutoa ushahidi, na ushahidi wa jambo ambalo hukuliona tumekatazwa tangu utotoni. Maktaba yangu ya alama nimeianza upya. Kila transista nimeiongezea sifa moja: tarehe niliyoigusa miguu yake kwa mita. Zilizo tayari ni tisa. Zilizobaki nimeziacha wazi.