Kamba na Saini

Kumfunga mgonjwa, kwa maana inayokusudiwa hapa, ni kuuzuia mwili wake usijongee kwa kifaa asichoweza kukiondoa mwenyewe, kiwe mkanda wa ngozi, bandeji iliyozungushwa kwenye kifundo cha mkono na kufungwa kwenye fremu ya kitanda, au lile koti la zamani ambalo mikono yake mirefu hukutanishwa mgongoni. Tendo hili si la kawaida hata kidogo, kwa kuwa mtu asiye na kosa lolote hufungwa na watu ambao kazi yao ni kumsaidia, nao hueleza kwamba wamemfunga kwa faida yake. Askari anayemtia mtu pingu hadai kwamba pingu ni dawa. Hospitali hudai hivyo, na dai hilo, kuliko kamba yenyewe, ndilo linalostahili kuchunguzwa.

John Stuart Mill, katika kitabu chake kuhusu uhuru cha mwaka 1859, alishikilia kwamba heri ya mtu mwenyewe si sababu ya kutosha ya kumlazimisha, lakini papo hapo aliwatoa katika kanuni hiyo watoto na wote ambao bado huhitaji kutunzwa na wengine. Mgonjwa aliyechanganyikiwa huangukia ndani ya mwanya huo, na utetezi wa kumfunga huanzia hapo. Utetezi huo hauna wepesi wa kupuuzwa: mgonjwa mahututi anayepumua kwa mashine, mwenye mpira uliopitishwa kooni, akiung'oa katika kuweweseka kwake huweza kufa kabla muuguzi hajamfikia, na kama angekuwa na akili zake huenda yeye mwenyewe angeomba azuiwe. Hii ndiyo ridhaa ya kukadiriwa, yaani kukubali ambako mtu hakukutamka bali wengine hudhani angekutamka. Ugumu wake ni kwamba anayekadiria ndiye anayefunga, na aliyefungwa akipiga kelele kupinga, kelele zake husomwa kuwa dalili nyingine ya ugonjwa. Hakuna neno analoweza kulisema likahesabika kuwa hoja dhidi ya kamba.

Hapa inafaa kutenganisha mambo mawili ambayo lugha ya wodini huyachanganya, nayo ni ulazima na wema. Tendo linaweza kuwa la lazima, kwa maana kwamba saa ile hapakuwa na njia nyingine, na bado likabaki kuwa ubaya aliotendewa mtu. Ulazima humwondolea mtendaji lawama, lakini haugeuzi tendo kuwa tiba. Aidha, ulazima wenyewe mara nyingi hutengenezwa. Muuguzi mmoja anapoachiwa wodi nzima usiku kucha, au jamaa anayeuguza, ambaye angeweza kuushika mkono wa mgonjwa na kumwita kwa jina lake, anapotolewa nje kwa sababu saa za kutazama wagonjwa zimekwisha, kamba hujaza nafasi ya mtu aliyekosekana. Kumlaumu muuguzi huyo ni kumwonea, ila kusema kwamba mgonjwa alifungwa kwa sababu ya hali yake pia si kweli. Marekani iliutambua udanganyifu huu ilipotunga sheria ya makao ya kutunzia wazee mwaka 1987, iliyopiga marufuku kumfunga mkazi kwa ajili ya kumwadhibu au kwa ajili ya urahisi wa wahudumu.

Mafunzo ya uuguzi yana kanuni zake nzuri kuhusu jambo hili: vidole viwili vipite kati ya mkanda na ngozi, fundo liwe la kufunguka kwa mvuto mmoja, nalo lifungwe kwenye fremu ya kitanda, si kwenye kizuizi cha ubavuni ambacho kikishushwa huuvuta mkono. Kanuni hizo zimeokoa mikono mingi. Hata hivyo zinafundisha namna ya kufunga vizuri na kunyamaza kuhusu swali la kama ilipasa kufunga, hivyo aliyezifuata zote huweza kuondoka kitandani akiwa na dhamiri tulivu kupita kiasi.

Swali hilo lililonyamaziwa lilijibiwa kwa kalamu katika hospitali mbili za wagonjwa wa akili. Huko Lincoln, Uingereza, mgonjwa mmoja alikufa mwaka 1829 akiwa amefungwa kitandani usiku bila mtu wa kumwangalia, na baada ya hapo kila kufunga kukatakiwa kuandikwa daftarini pamoja na muda wake. Daftari likawaumbua waliokuwa wakilijaza: saa za kufunga, zilizozidi 20,000 mwaka 1829, zilishuka chini ya 30 kufikia mwaka 1837, na mwaka uliofuata Robert Gardiner Hill, daktari wa hospitali hiyo, aliweza kutangaza kwamba kamba hazitumiki tena. Huko Gorizia, Italia, mambo yalikuwa kinyume. Franco Basaglia alipoanza kazi ya ukurugenzi mwaka 1961 aliletewa, kama ilivyokuwa desturi, orodha ya waliofungwa usiku ili aitie saini, naye akakataa. Kule karatasi ilifichua kamba; huku ilikuwa imeihalalisha kwa muda mrefu kiasi kwamba kukataa kuandika ndiko kulikosema kweli. Mwaka 1978 Italia ilipitisha sheria ya kufunga hospitali za aina hiyo, ambayo hadi leo huitwa kwa jina la Basaglia.

Tofauti ya karatasi hizo mbili ni kwamba moja iliandikwa kama hesabu ya deni na nyingine kama kibali. Kufunga kunakoandikwa kama deni huandikwa pamoja na kilichokosekana, kiwe ni mhudumu, dawa ya maumivu au jamaa, na huonyeshwa kwa mtu asiye wa wodi hiyo, na pia kwa mgonjwa mwenyewe akili zinapomrudia. Hospitali isiyoweza kuonyesha wagonjwa wake walifungwa kwa saa ngapi mwaka uliopita, na kwa kukosa nini, haina haki ya kudai kwamba huwafunga kwa dharura tu.