Tundu Kwanza

Mjukuu wangu,

Jana jioni ulifika hapa umefura. Watu walikuja usiku wakavunja vioo vya madirisha mawili ya duka lako, wakapinda kimia, wakang'oa mlango wa mbele hadi ukabaki umening'inia kwenye bawaba moja. Uliniuliza maswali mengi, na yote yalihusu watu. Ni nani? Ametumwa na nani? Vijana wenzako wakutane saa ngapi waende kumtafuta? Kuhusu tundu hukuniuliza hata neno moja. Ulipoondoka nilikaa kitandani nikiwaza kwamba lile tundu liko wazi na usiku ni mrefu. Ndiyo maana nakwambia haya leo, wewe na wenzako wa kartie yetu ya Nyakasanza ambao vita mmeisikia tu ikisimuliwa.

Mimi ni seremala, na mikono hii imetengeneza milango mingi ya kartie hii. Lakini kuifunga nyumba iliyovunjwa sikufundishwa na fundi yeyote. Nilifundishwa na mwaka 2003.

Tarehe 6 Mei mwaka ule askari wa mwisho wa Uganda waliondoka mji wetu wa Bunia. Walinda amani wa Umoja wa Mataifa waliokuwapo, wengi wao kutoka Uruguay, walikuwa wachache mno. Wanamgambo wakaupigania mji barabara kwa barabara, mpaka tarehe 12 kundi lao moja, UPC, likaushika tena. Katika siku hizo hapa hapa parokiani kwetu waliuawa mapadri wawili na raia waliokuwa wamekimbilia kwao. Wengine walikimbilia uwanja wa ndege, wengine kwenye makao ya hao walinda amani, MONUC. Bibi yako na mimi tuliwashika watoto mkono tukafuata njia ya Komanda, tukaenda hivyo hivyo kwa miguu hadi Beni. Mlango niliufunga kwa kufuli. Nakumbuka niliuvuta mara mbili kuhakikisha, kama mtu anayekwenda sokoni.

Tulirudi Septemba, askari wa Ulaya wa Operesheni Artemis wakiwa wameshaukabidhi mji kwa MONUC. Mabati yote yalikuwa yamekwenda. Milango, fremu za madirisha, hata bawaba. Hayo nilikuwa nimeyatazamia, njiani tulishasikia. Ambacho sikukitazamia ni kuta. Nyumba yangu ilikuwa ya matofali mabichi, kama nyumba nyingi za hapa, na matofali mabichi yanaishi kwa sababu yana kofia juu. Mvua za Mei, Juni, Julai, Agosti zilikuwa zimeingia kutoka kwenye kichwa cha ukuta, zikashuka ndani yake, zikaurudisha udongo kuwa udongo. Ukuta mmoja ulikuwa umebaki kimo cha goti. Watu husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi ukuta huo nimeujenga, najua unagharimu nini.

Sasa sikia jambo lililonibadilisha. Nyumba ya mdogo wangu ilikuwa jirani na yangu, ya matofali yale yale, nayo iliibiwa mabati siku zile zile. Lakini nyumba yake ilikuwa imesimama. Mzee mmoja wa ng'ambo ya barabara, ambaye magoti hayakumruhusu kukimbia, alikuwa amepanda juu ya meza akafunika vichwa vya kuta zote kwa nyasi, akakandika udongo juu, kisha akalaza vipande vya turubai kuukuu na kuvikandamiza kwa mawe. Madirisha aliyaziba kwa kilichopatikana: mlango wa kabati, ubao wa dawati la shule, bati moja lililokuwa limetoboka. Kwa nyumba yangu alichelewa, akaniomba radhi kwa hilo. Mzee yule alikuwa wa kabila ambalo siku zile tulikuwa tunaambiwa ni adui zetu. Nilipomuuliza kwa nini alijisumbua, alisema dirisha lililo wazi mbele ya mlango wake lilikuwa linamnyima usingizi. Sikupata jibu jingine kwake, na alikufa miaka michache baadaye bila kunipa jingine.

Kwa hiyo, mjukuu wangu, ukifika kwenye nyumba iliyovunjwa, tazama juu kabla ya kutazama mlango. Kama bati limeng'olewa, anza huko. Mwizi huenda asirudi leo, lakini mvua yetu inarudi saa tisa alasiri. Duka lako lina matofali ya kuchoma na bati lake lipo, mshukuru Mungu, wewe kazi yako ni ya madirisha na mlango tu. Wenzako wengine hawatakuwa na bahati hiyo.

Na kabla hujagusa kitu, ita watu. Mwite jirani wa kulia na wa kushoto, na sefu wa kartie au mjumbe wake. Waone wenyewe. Piga picha kwa simu yako: dirisha lote, kisha kioo kilivyovunjika, kisha kimia kilivyopindwa, kisha kitasa. Kitasa kilichovunjwa usikitupe, kifunge kwenye mfuko. Andika karatasi moja, tarehe, saa, kilichovunjwa, kilichochukuliwa, nani alikuwapo, na waliokuwapo watie sahihi. Karatasi hiyo ndiyo utakayoipeleka polisi. Ukishaziba, alama zote zimekwenda, na ukienda na maneno matupu mdomoni utaulizwa ushahidi uko wapi. Usianze pia kufagia vioo peku au kwa mikono mitupu. Nimemwona kijana aliyekatwa mshipa na kioo cha dirisha lake mwenyewe, wakati wezi walikuwa wameshafika mbali.

Halafu ndiyo uzibe. Na hapa niruhusu nikae kidogo, maana naona vijana wanavyofanya. Wanachukua tripleksi, wanaipigilia misumari mikubwa kwenye fremu ya dirisha, wanaondoka. Hayo ni makosa mawili kwa nyundo moja. Kwanza umeipasua fremu ambayo mwizi alikuwa amekuachia, na ukija kuweka kioo kipya utanunua na fremu. Pili, msumari uliopigwa kutoka nje unang'olewa kutoka nje. Mtu mwenye nondo fupi anahitaji dakika mbili.

Fanya hivi. Kata ubao uzidi uwazi wa dirisha kila upande kwa upana wa kiganja, ili ulale juu ya ukuta na siyo juu ya fremu. Ndani ya nyumba weka mihimili miwili inayovuka uwazi, mirefu kuliko dirisha, mmoja juu na mwingine chini. Toboa ubao na mhimili kwa pamoja kwa keekee, kisha pitisha bolti ndefu yenye kichwa cha duara, ile laini ambayo spana haiwezi kuishika. Kichwa kikae nje, nati ikae ndani, na uikaze ukiwa ndani. Hapo ubao na mihimili vinaubana ukuta katikati kama meno. Wa nje hana cha kushika. Na siku unayotaka kufungua unalegeza nati nne tu, ukuta wako hauna hata kovu. Chini acha upenyo mwembamba wa hewa, la sivyo unga na mchele vitavunda kabla ya wiki kuisha.

Mbao zenyewe, chagua kwa akili. Mikaratusi ya milima yetu ni rahisi na iko tele, kwa mihimili ya ndani inafaa kabisa. Ila usiiweke nje ikiwa mbichi. Inapokauka inajipinda na kupasuka, na kila mpasuko ni mahali pa kuingiza nondo. Kwa nje tafuta libuyu kutoka Mambasa, hata kipande kilichotumika. Tripleksi ya dukani iwe nene, na kingo zake uzipake rangi au hata oili chafu, maana maji huingilia kingoni.

Usizibe njia zote. Hili nakuomba kama babu yako. Unamwacha mlinzi alale ndani, na mlango umeupigilia misumari, na taa ni ya mafuta. Mlango mmoja uwe unafunguka kutoka ndani bila ufunguo wa kutafutwa gizani.

Nilisoma kwamba huko Marekani, jimbo la Ohio lilipitisha sheria ya kukataza tripleksi kwenye nyumba tupu ambazo mabenki yanazidai mahakamani. Sheria hiyo ilianza mwaka 2017. Wanataka madirisha hayo yazibwe kwa plastiki ngumu inayoonyesha ndani. Mwanzoni nilishangaa, kisha nikaelewa, kwa sababu nimeyaona hayo hayo hapa kwetu bila sheria. Ubao unaokaa miezi unamtangazia kila mpita njia kwamba mwenyewe hayupo. Wa kwanza anakuja kukojoa ukutani, wa pili anachukua tofali, wa tatu analeta godoro lake. Basi ubao ni wa siku, siyo wa mwaka. Na katika siku hizo fagia mbele ya duka kila asubuhi, nyasi zisiote, uonekane. Kama huwezi kuwapo, mtu mmoja wa nyumbani awe anafika.

Maana hapa Bunia kinachofuata baada ya godoro ni karatasi. Baada ya vita watu walirudi wakakuta wengine ndani ya parseli zao, na wengine hao walikuwa na hati mkononi. Sheria yetu ya ardhi hapa Kongo, ya tarehe 20 Julai 1973, inasema ardhi ni mali ya Serikali, na mtu anayekaa juu yake haki yake inathibitishwa na cheti cha usajili. Karatasi ya mauzo iliyosainiwa na sefu ni mwanzo tu. Na cheti kikishapita miaka 2 bila kupingwa mahakamani, kukitikisa ni kazi ngumu mno, hata kama aliyekipata alikipata kwa njia mbaya. Kwa hiyo nyumba iliyokaa wazi miaka 2 bila mwenyewe kusema neno inaweza kupotea kimya kimya. Nakala za hati zako zitoe mjini. Mpe dada yako aliyeko Kampala, zikae pia kwenye simu. Mwaka 2025, mwezi Februari, askari wa Uganda walipoonekana tena Bunia, watu walikuwa na maoni yao, na mimi sikuwa na maoni yoyote. Nilikwenda kukagua komeo na kuhesabu karatasi zangu.

Sasa nirudi kwenye maswali yako ya jana, usije ukasema babu ameyakwepa. Unataka kujua ni nani. Ni haki yako, na karatasi ile yenye sahihi ipeleke kwa wanaohusika leo hii, ufuatilie, usichoke. Lakini hilo kundi la vijana ulilotaka kulikusanya, naomba usilikusanye. Katika mji huu nimeona jinsi jina moja linavyotajwa kwa kunong'ona saa kumi na mbili, na ikifika saa mbili limekuwa jina la ukoo, na kufika saa nne ni jina la kabila. Nyumba zilizochomwa hapa hazikuchomwa na watu waliokuwa na uhakika. Ukiwa na wenzako kumi wenye nguvu na hasira, wape nyundo. Wawili washike ubao, mmoja atoboe, wengine wazoe vioo.

Na mtu akikuletea bati au kitasa cha bei ya kutupa wiki hii, usinunue. Hilo nalisema kwa sababu ya jambo ambalo sijawahi kukusimulia.

Mwaka 2004 mteja aliniletea mlango nimpunguzie sentimita chache uingie kwenye fremu yake. Alikuwa ameununua sokoni, na naamini hakujua. Niliulaza juu ya meza, nikakwangua rangi chini ya kitasa, nikakuta alama yangu ya patasi. Mlango ule niliutengeneza mimi, wa libuyu, kwa ajili ya mjane mmoja wa avenyi ya juu ambaye alikuwa ananilipa kidogo kidogo kwa mayai na maharage. Nilimwambia mteja ukweli. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema hataweka mlango wa mjane nyumbani kwake, akaniachia, nami nikamtengenezea mwingine kwa bei ya mbao tu. Mjane hakurudi. Nilimuulizia Beni, nilimuulizia Komanda, niliwauliza waliotoka kambi za Uganda. Hakuna aliyejua.

Mlango huo uko nyuma ya jiko langu mpaka leo, nimeulaza juu ya mawe mchwa wasiufikie, na kila mwaka naupaka mafuta. Njoo na mkokoteni kabla ya saa sita, uje na mita, keekee na bolti nane. Utafunika uwazi wa duka lako mpaka upate mlango wako. Ni mpana kuliko fremu yako, nimeshapima kwa macho, lakini usiukate hata ncha. Tutaulaza juu ya ukuta na kuubana kwa mihimili kama nilivyokueleza, na matundu ya bolti tutayapitisha palepale palipokuwa na kitasa na bawaba za zamani. Na mama huyo akitokea siku yoyote akauliza, utalegeza nati siku hiyo hiyo.