Tunauliza ngoma, hatuulizi ujira

MJI wa Detroit, Marekani, unajulikana duniani kwa mambo mawili: magari na muziki. Yote mawili yametoka tumbo moja. Watu weusi kutoka majimbo ya kusini, wakikimbia ubaguzi na ufukara, walimiminika huko kutafuta kazi za viwandani. Mmoja wa watoto wa mji huo, Berry Gordy, aliwahi kuunganisha magari kiwandani kabla ya kuanzisha kampuni ya muziki ya Motown mwaka 1959.

Huko nyuma, Januari 1914, Henry Ford alitangaza ujira wa dola 5 kwa siku, zaidi ya mara mbili ya uliokuwapo. Lakini aliweka sharti. Wakaguzi wake walipita majumbani kuangalia kama mfanyakazi anakunywa pombe, kama nyumba ni safi, kama anaweka akiba. Asiyeridhisha aliikosa nyongeza.

Ndugu msomaji, swali langu linaanzia hapo. Anayetaka kumrekebisha mfanyakazi tabia, yeye mwenyewe anadaiwa nini kwanza?

Tuje kwetu. Wazee wa Songea wanaijua historia ya manamba. Vijana wa huku walichukuliwa kwenda kukata mkonge Tanga, wakajulikana kwa namba kabla ya majina yao. Baada ya uhuru mfanyakazi akaanza kupewa heshima, na muziki ukamfuata. Mwaka 1964 ilianzishwa bendi ya chama cha wafanyakazi, NUTA Jazz, ambayo ilibadili jina kila chama kilipobadilika: Juwata, Ottu, hadi Msondo Ngoma. Kiwanda cha nguo cha Urafiki, kilichofunguliwa Ubungo, Dar es Salaam, mwaka 1968 kwa msaada wa China, nacho kikawa na Urafiki Jazz. Wanamuziki wa bendi hizo walikuwa waajiriwa wenye mshahara, na vyombo vilikuwa mali ya mwajiri.

Masheikh wetu wameusema sana muziki huo, na ni haki yao kusema. Wengi wa wanazuoni wa madhehebu manne wameharamisha ala za muziki. Imam Ghazali aliijadili mas-ala hii kwa kirefu katika Ihyaa, akitenganisha hali na hali. Ibn Hazm aliziona hadithi za makatazo kuwa ni dhaifu. Kwa hiyo khilafu ipo, ingawa upande mmoja una wengi zaidi. Ama dansi lenye ulevi, hilo halina mjadala.

Lakini dhulma ya ujira nayo haina mjadala. Katika hadithi Qudsi iliyo katika Sahih Bukhari, Allah (sw) amejitaja kuwa hasimu, Siku ya Kiyama, wa mtu aliyemwajiri mwenzake, akaipata kazi yake kamili, kisha asimlipe. Tujiulize: khutba ngapi tumesikia juu ya dansi, na ngapi juu ya hadithi hii?

Viwanda vyetu vingi vya umma vilidorora, na miaka ya 1990 vikafungwa au kubinafsishwa. Kiwanda cha viatu cha Morogoro, kilichojengwa kwa fedha za Benki ya Dunia ili kiuze viatu Ulaya, kilifungwa 1990 bila kuukaribia uwezo wake. Wafanyakazi wa iliyokuwa Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyovunjika 1977, walidai mafao yao kwa miongo kadhaa. Hata Detroit ilipofilisika mwaka 2013, wastaafu wa kawaida wa jiji walipunguziwa pensheni kwa asilimia 4.5. Nyimbo zao zinapigwa hadi leo. Jasho lao likawa hesabu ya kukatwa.

Atasema mtu: viwanda vyetu viliuawa pia na wafanyakazi wenyewe, kwa wizi na uzembe. Ni kweli, na amana ina pande mbili. Anayeiba kitambaa cha kiwanda naye ataulizwa. Lakini kosa la mwizi halimfutii haki yake yule asiyeiba. Atasema mwingine: kiwanda kimefilisika, kitalipa nini? Ufukara unampa mdaiwa muhula; haulifuti deni, na wala haumruhusu kujinunulia gari jipya huku mdai akilala njaa.

Basi jibu langu ni hili. Kukataza munkari ni wajibu, lakini munkari si ule unaopiga kelele tu. Ngoma inasikika mtaa mzima, ndiyo maana tunaiona haraka. Ujira uliozuiwa hauna sauti. Ford aliingia majumbani mwa watu, jambo ambalo hatulisifu, ila alikuwa ameshaweka dola 5 mezani. Sisi tunaingia mikono mitupu.

Na tusiwatazame wakubwa peke yao. Yuko mwenye shamba la tumbaku au mahindi anayemzungusha kibarua baada ya mavuno. Yuko anayemlimbikizia mshahara msichana wa kazi. Iko kamati ya msikiti inayomwambia ustadhi wa madrasa asubiri malipo ya Akhera, wakati watoto wake wanataka kula leo. Hao wote wamo katika safu ya kwanza, na hakuna bendi inayopiga nyumbani kwao. Ijumaa ijayo, kabla hatujauliza nani alikwenda dansini, tuulizane nani hajalipwa.

Wabillahi tawfiq.