Funga Skrubu Kabla Mikono Haijachoka



Mezani kwangu hapa seminarini kuna bomba dogo la chuma, lina meno mbele na tundu la kupitishia karabina nyuma. Wenzangu hudhani ni kifaa cha fundi wa maji. Kumbe ni skrubu ya barafu. Nilipewa na mjomba wangu wa Naro Moru, aliyeongoza wapandaji Mlima Kenya kwa miaka mingi.

Ndiye aliyenisimulia kuhusu Diamond Couloir, korongo la barafu lililo kati ya Batian na Nelion, ambalo Phil Snyder na Mkenya mwenzetu Thumbi Mathenge walilipanda kwa mara ya kwanza mwaka 1973. Anayetangulia amefungwa kamba kiunoni, mwenzake ameishika chini. Kila akipanda kidogo anasimama, anazungusha skrubu ndani ya barafu, anapitisha kamba.

Nikamuuliza, "Anaifunga akianza kuogopa, si ndiyo?"

Akacheka. "Hapo umeshachelewa, mjomba. Ukianza kutetemeka, mkono mmoja umeng'ang'ania shoka na mwingine hauna nguvu ya kuzungusha chuma. Unaifunga pale uliposimama vizuri, kabla ya sehemu ngumu."

Halafu akanipa hesabu: ukiwa mita 5 juu ya skrubu ya mwisho ukateleza, unaanguka mita 10, na zaidi kamba ikivutika.

Hesabu hiyo naijua kwa maisha yangu. Nina shahada ya falsafa, naweza kukueleza Aristotle alivyoandika kuhusu mtu anayejua lililo jema na bado akatenda baya. Lakini mwaka mmoja nilikaa miezi 5 bila kuungama. Sikuwa na dhambi kubwa, nilikuwa na uvivu tu. Nilijiambia, siku nikijaribiwa nitasali. Basi likizo ikafika, saa 7 usiku, chumbani peke yangu na simu, na vile vitu ambavyo simu huleta saa hiyo. Nilitafuta sala, sikuipata. Skrubu yangu ya mwisho ilikuwa miezi 5 chini, na nilianguka kwa urefu huo. Nusura niandike barua ya kuacha wito.

Soma Mathayo 26. Kule Gethsemane Bwana aliwaomba wanafunzi wakeshe na kusali, kabla askari hawajafika. Petro alilala. Baadaye uani, mbele ya kijakazi tu, hakuwa na kitu cha kumzuia asianguke. Alimpenda Yesu kweli, ila saa ya kujiandaa ilimpita amelala.

Mjomba alinifundisha mengine pia. Kwanza unabomoa barafu nyeupe iliyojaa hewa mpaka ufikie ile ngumu. Yaani usiungame juu juu, fika pale panapouma. Ukizungusha, barafu inatoka kupitia ndani ya bomba: itazame. Ikitoka imara, endelea. Chuma kikilegea ghafla, kuna uwazi ndani, tafuta mahali pengine. Hivyo ndivyo tunavyotafuta dhamiri kila jioni. Na jua likipasha chuma, barafu inayeyuka kukizunguka, hivyo skrubu ya asubuhi si ya kuaminiwa mchana. Usitegemee semina ya Kipaimara ya miaka 6 iliyopita!

Na kumbuka, skrubu bila mtu wa kushika kamba ni chuma tu. Kristo ndiye aliyeishika. Mimi hakuniachia: nilianguka, nikaumia, lakini sikufika chini. Asubuhi nilikwenda kwa Padre, na leo bado niko seminarini.

Kama wiki hii uko vizuri, huna vita yoyote, hiyo ndiyo nafasi yako. Nenda kaungame Jumamosi. Panga saa ya kuzima simu. Mpe rafiki mmoja ruhusa ya kukuuliza maswali magumu. Mikono bado ina nguvu.

Mtakatifu Pier Giorgio Frassati, kijana mpanda milima, utuombee.

Tuombeane.