Kumwondoa Mtawala na Kuondoa Udhalimu

Msomaji, je, mtawala dhalimu akiondoka, udhalimu nao huondoka? Tazama Uajemi. Mwaka 1906 watu wa Tehran walimshurutisha mfalme wao, Mozaffar ad-Din Shah, kukubali bunge na katiba. Mwaka 1908 mwanawe alilipiga bunge lile kwa mizinga. Mwaka 1909 watu wakamwuzulu. Tazama Tunisia pia. Mwaka 2011 Ben Ali alikimbia baada ya kutawala miaka 23, na mwaka 2014 nchi ikapata katiba iliyosifiwa mbali. Lakini mwaka 2021 rais aliyechaguliwa na watu alilisimamisha bunge, na wengi wakashangilia, kwani bunge halikuwaletea kazi wala nafuu.

Simlaumu mwenye dhiki kwa kuchoka kungoja, maana uhuru usioshibisha ni mzito kuupenda. Lakini katiba ni karatasi. Mlinzi wake ni moyo wa raia. Ashangiliaye haki ya mpinzani wake ikivunjwa huibomoa nyumba ambamo yeye mwenyewe amelala. Basi jiulize: utaitetea sheria siku itakapomlinda usiyempenda? Mageuzi ya kweli huanzia katika jibu hilo.